Shingo ya Mzee Isaiah

Asubuhi, baridi ya Eldoret bado imekwama kwa madirisha ya wodi ya wanaume, na Janice Jepkosgei anachungulia mdomo wa mtu.

"Fungua, Mzee. Zaidi kidogo. Fungua kama mtu anaita ng'ombe wake ng'ambo ya mto."

Mzee Isaiah Kipyego, mkulima wa mahindi kutoka Sugoi, anafungua mpaka masikio yanasogea. Janice anawasha tochi. Ulimi umelala vizuri, kimeo kinaning'inia huko nyuma kinaonekana chote, koo liko wazi kama barabara ya Jumapili. Anasimamisha vidole vitatu mdomoni mwa mzee, kutoka meno ya juu mpaka fizi ya chini. Vinaingia bila kusukumana.

"Sasa uma huu mdomo wa juu na meno yako ya chini."

Mzee anacheka, na hapo ndipo Janice anaona ameuliza swali la ujinga. Chini pale mbele hakuna meno. Kuna pengo safi, lile la kimila, ambalo wazee wengi wa rika lake waliachiwa wakiwa vijana wadogo.

"Meno gani, msichana wangu? Hayo yalitolewa hata mama yako hajazaliwa. Kama unataka niume kitu, leta mahindi ya kuchoma, tutaona."

Wodi inacheka. Hata Jeruto, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ameomba ruhusa kazini ili akae na baba, anacheka akiwa ameshika flaski.

Janice anaruka hicho kipimo. Unafanya nini na kipimo cha meno kwa mtu hana meno? "Haya, Mzee, angalia juu kwa dari."

Mzee ameegemea mito, kitanda kimeinuliwa nusu. Anajisukuma nyuma na mabega, anainua macho. "Naona taa. Na buibui."

"Sawa kabisa," Janice anasema. Dakika chache baadaye, akipishana kwa mlango na Daktari Munene, yule wa upasuaji ambaye kesho atamtoa mzee nyongo yenye mawe, anamwambia maneno ambayo yatamkosesha usingizi: "Mzee wa nyongo njia iko wazi. Hakuna shida."

Kazi ya Janice watu wengi hawaijui. Watu wanajua mwenye kisu. Wakitoka hospitali wanamsifu mwenye kisu, wanamletea kuku mwenye kisu. Yule aliyewalaza hawamkumbuki hata sura, na si makosa yao, walikuwa wamelala.

Yeye ni afisa wa kliniki aliyerudi darasani kusomea dawa ya usingizi, ile wazee wanaita nusu kaputi. Ana miaka thelathini na nane, anaishi Yamumbi na mama yake na mtoto wake mmoja, na amefanya hii kazi katika hospitali kadhaa za huu mji. Mama yake ana swali moja ambalo hachoki nalo: "Wewe kazi yako ni kulaza watu, sasa mbona wewe mwenyewe hulali?"

Jibu ni refu, lakini tulifupishe. Kabla ya upasuaji mkubwa, Janice anampa mgonjwa dawa ya kulala, halafu dawa nyingine ya kulegeza misuli yote ya mwili. Yote, hata ile ya kupumua. Kutoka hiyo dakika, pumzi ya mwenye mwili iko mikononi mwa Janice. Anainamisha kichwa cha mgonjwa nyuma, anasukuma ulimi kando na chuma chenye taa, anatafuta lango la njia ya hewa, anapitisha paipu, mashine inaanza kupumua. Kwa watu wengi hata hujamaliza kusema jina lako, imeisha.

Lakini kuna koo zenye kona. Na kona huioni kutoka nje.

"Ukishamlaza ndio ujue hauoni njia, umechelewa," Janice anasema. "Ni kama dereva wa lori kujua breki hazishiki akiwa ashaanza kushuka Timboroa. Hapo sasa unaomba tu."

Ndio maana anapima watu midomo, taya, shingo. Shida ni kwamba hivi vipimo ni waongo, na vinadanganya pande zote mbili. Mwezi uliopita alipata mama mmoja mwenye duka Langas, shingo fupi, nene, ulimi umejaa mdomo. Janice akasimamisha kila kitu. Akaitisha mashine ya ziada, akaitisha mtu wa ziada, thieta nzima ikakaa kama watu wanaongoja radi. Mama akalazwa, paipu ikaingia mara moja, laini, kama uzi kwa sindano ya gunia.

Tangu siku hiyo Aloo, nesi wa thieta, mtu wa mdomo sana, amempa jina. Anamwita Hali ya Anga.

"Hali ya Anga! Leo kuna mvua ama kuna jua?" anamuuliza kila asubuhi. "Ama tubebe mwavuli halafu turudi nao mkavu?"

Janice hucheka pia. Lakini anakiri kwamba jina kama hilo linamwingia mtu ndani. "Ukipiga kelele mara moja na hakuna kitu, mara ya pili unajiuliza kwanza, je, wataniamini? Na wewe ukiendelea kujiuliza, mgonjwa anaendelea kusukumwa thieta."

Sasa turudi kwa Mzee Isaiah.

Kitu kimoja wodi nzima ilikubaliana kuhusu huyo mzee ni adabu yake. Ukimsalimia "Chamgei" kutoka kando, hakuitikii akiangalia ukuta. Anageuka wote, mabega, kifua, magoti, mpaka mnaangaliana uso kwa uso, ndio anakupa mkono na kusema "Chamgei mising." Manesi vijana walimpenda kwa hilo. Mmoja alisema wazazi wa siku hizi wangeleta watoto wao wajifunze kwa huyu mzee namna ya kusalimia watu. Janice mwenyewe, ambaye babu yake alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo, aligeukiwa hivyo asubuhi ile na moyo wake ukachangamka kabisa.

Alasiri alikuwa amemaliza kazi. Mkoba begani, anatembea kwa korido kuelekea mlangoni. Mbele yake Mzee Isaiah alikuwa anajikokota kutoka chooni, shuka limefungwa kiunoni, Jeruto kando yake. Macho ya mzee yalikuwa yamegeuka manjano kabisa. Mawe yalikuwa yameziba nyongo, na homa ilikuwa imeanza kupanda.

Nyuma yao, mama wa jikoni akaangusha trei nzima ya sahani.

Kelele ajabu! Kila mtu kwa korido akageuza kichwa. Jeruto akageuza. Mgonjwa mmoja akashika kifua. Janice akageuza na akarudisha macho mbele, na hapo ndipo akamwona mzee.

Mzee alikuwa bado anageuka. Alianza na mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu kiuno, polepole, kama trekta inayofika mwisho wa shamba na kutafuta nafasi ya kupinda. Kichwa kilikuja mwisho, pamoja na mabega, kama kimepigiliwa misumari.

Janice anakumbuka vizuri. "Nilijiambia, mtu hawezi kugeukia sahani kwa heshima. Sahani haisalimiwi."

Akaweka mkoba chini. "Mzee, samahani. Hebu nisaidie kitu. Simama hapa kwa ukuta."

"Nimefanya makosa gani?"

"Hakuna. Weka visigino kwa ukuta. Mgongo pia. Vizuri. Sasa gusisha kichwa."

Mzee akajaribu. Akakunja uso, akasukuma. Kati ya kisogo chake na ukuta kulibaki nafasi, na Janice akapitisha mkono wake mzima hapo, ngumi imekunjwa, bila kugusa upande wowote.

"Hii shingo imekuwa hivi tangu lini?"

Mzee akajipapasa kisogo. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeambia mtu siri isiyo na maana sana: "Hiyo shingo ilikataa kitambo. Ilianza na mgongo asubuhi, nikidhani ni kulima. Halafu ikapanda. Nikawa sigeuki. Watu wakaanza kusema, huyu mzee ana heshima sana, hakuangalii kwa kando. Sasa ningesema nini? Nikaacha waseme."

Jeruto alikuwa amefungua mdomo. "Baba! Miaka hii yote?"

"Si ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa naona unasalimia watu!"

Sasa ile shida ni hii. Chuma cha Janice chenye taa kinataka kichwa kiinamishwe nyuma, ndio mdomo na njia ya hewa zinyooke mstari mmoja. Shingo iliyogandana haiinami. Asubuhi, pale kwa mito, mzee alikuwa ameinamisha kiwiliwili kizima na kuinua macho tu, na Janice akahesabu ni shingo. Angemlaza kesho yake akitegemea barabara ya Jumapili, na angekuta ukuta. Na hata wakiacha usingizi wamdunge sindano ya ganzi mgongoni, mgongo wenyewe nao ulikuwa umeshikana hivyo hivyo.

Alimpata Daktari Munene chumba cha chai, mandazi mkononi, Aloo kando yake.

"Mzee wa nyongo," Janice akasema. "Nilikosea. Ni njia ngumu."

Munene akaweka mandazi chini. "Asubuhi uliniambia hakuna shida."

"Shingo yake haisogei. Hata kidogo."

"Na umejuaje sasa?"

"Kuna sahani zilianguka."

Aloo akaangusha kicheko. "Hali ya Anga! Sasa unatabiri na vyombo?"

Hakuna mtu mwingine alicheka. Janice alimwambia Munene tu aende amsimamishe mzee kwa ukuta. Munene akaenda. Aliporudi hakumalizia mandazi.

"Siwezi kungoja," akasema. "Unaona hiyo homa? Usaha ukianza kutembea kwa damu, tutampoteza bila hata kumgusa. Na kumtuma mbali kwa barabara na hali hiyo sitaki. Kesho lazima. Wewe niambie utampitishaje."

Hapo ndipo Janice alikuwa amebanwa, na hakuna pa kutokea. Asipomlaza, nyongo inamuua. Akimlaza kama kawaida, yeye ndiye atamuua. Akampigia simu mwalimu wake wa zamani, Daktari Wachira, bingwa wa dawa ya usingizi. Wachira alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu kifupi: "Usimlaze kabla paipu haijaingia. Asubuhi nitakuwa hapo nyuma yako, lakini mkono uwe wako. Wewe ndiye mzee anayemjua."

Maana yake, mzee atakuwa macho. Koo litapulizwa dawa ya ganzi, kamera nyembamba inayopinda kama mkia itapitia puani, itafute lango, na paipu iteleze juu yake. Kamera haihitaji shingo kuinama. Inahitaji mwenye shingo akubali. Na Janice alikuwa ameifanya kwa watu wachache sana, wote vijana, tena wenye nguvu.

Jioni hiyo aliketi kitandani kwa mzee na kueleza yote. Jeruto ndiye alilipuka kwanza.

"Asubuhi ulisema sawa kabisa. Nilikusikia na masikio yangu. Sasa jioni unataka kumwekea babangu paipu kwa pua akiwa macho? Kesho asubuhi utakuja na gani?"

"Una haki ya kukasirika," Janice akamwambia. "Asubuhi nilikosea. Ningenyamaza ndio ingekuwa mbaya zaidi."

Mzee alikuwa anaangalia mbele, vile alivyozoea. "Mimi nimewahi kumwekea ndama paipu ya dawa," akasema. "Tulikuwa wanaume wanne. Na alimpiga mmoja teke."

"Mzee, sikiza. Ukilala kabla sijapata njia, pumzi ni yangu kutafuta. Ukiwa macho, pumzi inabaki yako. Hakuna mtu amekunyang'anya."

"Nitakohoa?"

"Utakohoa. Utaona kama unazama, na haujazama."

"Na nikishindwa katikati?"

"Inua mkono. Nitatoa."

Mzee akageuka, wote, miguu ikashuka kitandani, mpaka akamwangalia Janice machoni. Safari hii kila mtu alijua kwa nini anageuka hivyo, na bado ilikuwa heshima. "Utatoa kweli? Ama mtanishika kama ndama?"

"Nitatoa kweli, Mzee."

Usiku huo Janice hakulala, na mama yake safari hii hakuuliza.

Asubuhi wakakutana thieta. Munene alichukua kalamu na kuchora alama ndogo shingoni mwa mzee, mbele, pale angekata haraka ikiwa kila kitu kitakataa. Mzee akauliza ni nini hiyo. Munene, ambaye si mtu wa kudanganya, akasema: "Ni mlango wa dharura, Mzee. Sitaki kuutumia." Kisu kilikuwa wazi kwa trei. Wachira alisimama nyuma ya Janice, mikono imefungwa kifuani. Aloo alishika mkono wa kushoto wa mzee, na safari hii hakutaja mvua wala jua.

Mkono wa kulia uliachwa huru. Janice alisisitiza.

Kamera ikaingia. Kwa skrini kukawa kama pango jekundu lenye mvua. Mzee akakohoa, picha yote ikaruka. Janice akangoja, akasogeza tena, akapinda ncha kidogo. Mate, giza, nyama. Halafu hapo mbele, mara moja, nyuzi mbili nyeupe za sauti zikifunguka na kufungika. Lango.

"Hapo," Munene akanong'ona. "Hapo, ingia."

Mkono wa kulia wa mzee ukainuka.

Janice anasema hiyo ndiyo dakika bado anaiota. Ilibaki kusukuma kidogo tu, urefu wa kucha. Nyuzi zilikuwa wazi. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na sauti ikisema, maliza, atakushukuru baadaye. Na huenda lisionekane tena, hilo lango, koo likianza kuvimba kwa kuguswaguswa.

Akatoa.

"Ulikuwa umefika!" Munene akasema kwa sauti. "Janice, ulikuwa umefika!"

"Aliinua mkono."

Mzee alikuwa anavuta hewa kama mtu ametoka mtoni, machozi yanateremka kwa masikio. Janice alimfuta uso na kitambaa. Alimwambia, "Nimetoa, Mzee. Pumua. Hakuna haraka," ingawa haraka ilikuwepo, na kila mtu aliiona kwa mashine. Homa ilikuwa imepanda, moyo unakimbia kama wale vijana wa mbio wanaofanya mazoezi alfajiri. Kama angesema basi, ilikuwa basi. Wangemrudisha wodi na nyongo yake.

Mzee alipumua. Aliangalia dari, mahali pekee shingo yake ilimruhusu akiwa amelala vile, juu ya mito yake. Halafu akasema, sauti imekwaruzwa na ganzi, maneno hayatoki vizuri: "Kumbe unatoa."

"Natoa."

"Haya. Rudisha."

Mara ya pili hakukohoa sana. Alikuwa ametulia, na koo lililotulia halipigani. Pango, mate, giza, na nyuzi nyeupe zikafunguka. Janice akapita katikati yazo, mzee akivuta hewa mwenyewe, akateleza paipu. Aloo akaunganisha mashine, mstari wa pumzi ukapanda kwa skrini, na Janice akainama sikioni.

"Sasa lala, Mzee."

Munene alifungua tumbo akakuta nyongo imeiva, karibu kupasuka. Siku moja zaidi, alisema baadaye, na hii ingekuwa hadithi nyingine. Kisu cha shingoni kilirudi kuchemshwa bila kutumika.

Mzee Isaiah yuko wodini sasa, macho yameanza kurudi meupe, sauti bado ya jogoo mgonjwa. Bado anageukia kila anayemsalimia, na manesi wameacha kumsalimia kutoka kando. Wanazunguka wanakuja mbele. Jeruto alimletea Janice mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kwa chupa ya soda, akamkabidhi bila hotuba. "Ile jioni nilikuongelesha vibaya," akasema. Janice akamwambia ilibidi.

Lakini ukidhani Janice amepumua, bado. Anajua alichokiona kwa korido hakikuwa ujuzi, ilikuwa sahani. "Kama yule mama angeshika trei yake vizuri, leo ningekuwa naongea nini na wewe?" anauliza. "Nilimpima mtu akiwa kitandani, amefunikwa, ameegemezwa mito. Kitanda kinaficha mtu. Kila mgonjwa akilala anafanana na mwenzake."

Ameomba wakubwa wa hospitali kitu kimoja. Hataki mashine. Anataka mgonjwa wa upasuaji aonwe kwanza kliniki, siku kadhaa kabla, akiwa amekuja na miguu yake, kabla hajapewa gauni na kitanda. Anataka benchi pale langoni, aketi awaangalie wakishuka garini, wakivuka, wakitafuta nani amewaita, wakiinama kuokota mtoto. Wakubwa wamesema watafikiria. Yeye hajangoja wamalize kufikiria.

Kesho kuna mama wa Yamumbi anakuja kutolewa tezi ya shingo. Kwa karatasi imeandikwa hana shida nyingine yoyote. Janice ameshapiga simu akamwambia aje leo.

"Nataka nimwone akiwa bado na viatu vyake," anasema, na anatoka kwenda kusimama langoni.